Goma: Mara ya kwanza alikuwa lokateri, mara ya pili alikuwa na nyumba yake

Kila mwanzo wa mwezi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kata ya Katoyi, mjini Goma, huvuka kiwanja cha parseli anamokaa na kubisha hodi kwenye nyumba ya mbele. Anatoa dola 40. Mama mjane mwenye parseli anazihesabu mara mbili, kisha anaandika kwenye daftari la shule: tarehe, kiasi, sahihi ya mmoja, sahihi ya mwingine. Halafu anachana kipande kidogo cha karatasi, anakipiga tarehe na kumpa mwalimu kama risiti.

Mwalimu ana miaka 52, mke na watoto watano. Tena ana parseli yake mwenyewe huko Buhene, metri 15 kwa 20, aliyoinunua mwaka 2011. Juu ya parseli hiyo leo kuna mawe meusi ya volkano yanayomfika mtu kifuani.

Mwezi wa sita mwaka 2025, mdogo wake anayefanya kazi ya migodi huko Kolwezi alimpigia simu na habari njema. Ameweka pembeni dola 3.500. Atazituma kidogo kidogo kwa simu, kwa vile mabenki ya Goma yalikuwa yamefungwa tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Feza hiyo ni ya kujenga upya nyumba ya Buhene, hata kama ni ya mbao kwanza, juu ya lava hiyo hiyo, kama majirani wengine walivyokwisha kufanya. Mke wa mwalimu alipiga vigelegele jikoni. Mwalimu aliomba juma moja la kufikiri.

Juma moja likawa miezi mitatu. Kwenye avenyu watu wameanza kusema kwamba lava ilimchoma mwalimu kichwa pamoja na nyumba. Maana ni nani, hapa Goma, anayekataa kujengewa?

Kumwelewa kunahitaji kurudi mbali kidogo.

Siku ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava kupita katikati ya mji hadi kuingia Ziwa Kivu, mwalimu huyu alikuwa kijana aliyeoa karibuni. Alikuwa lokateri wa chumba kimoja huko Mapendo, kwenye parseli ya mzee mmoja aliyekuwa na nyumba tatu. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza. Walichukua diploma, sufuria moja, redio na blanketi, wakavuka mpaka kwenda Gisenyi pamoja na maelfu ya wakaaji wa mji. Siku chache baadaye walirudi, mawe yakiwa bado yanatoa moshi. Chumba hakikuwepo. Kitanda, viti viwili, nguo na vyombo vilikwisha, pamoja na garanti ya miezi mitatu, maana mzee aliyeungua nyumba tatu utamdai garanti gani?

Ilikuwa hasara, na kwa watu wawili wanaoanza maisha haikuwa ndogo. Lakini baada ya majuma mawili walikuwa wamepata chumba kingine Katindo, na mwalimu alikuwa mbele ya ubao tena.

Yule mzee mwenye parseli ndiye aliyebaki. Kila asubuhi alikuja kukaa juu ya lava na fimbo yake, akionyesha wapita njia mahali ambapo sebule ilikuwa. Baadaye ikaanza kesi. Mawe ya mipaka yalikuwa yamefunikwa yote, kwa hiyo majirani wakapima kwa kamba na kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya kila mmoja ilimpa yeye metri mbili zaidi. Mzee alifariki kesi ikiwa haijakwisha. Mwalimu alikwenda kwenye matanga yake, akamhurumia, akarudi nyumbani. Anasema mwenyewe kwamba hakujifunza chochote siku hiyo.

Kilichomfundisha kwanza ni maisha ya lokateri, na hayo kila mtu hapa mjini anayajua. Katika miaka tisa walihama mara tano. Mwenye nyumba mmoja alipandisha feza ya nyumba katikati ya mwaka wa masomo. Mwingine aliuza parseli na wapangaji ndani yake. Waligundua siku mnunuzi alipokuja na watu wa kupima. Kila kuhama kulikuwa na komisionere wa kulipwa, mara nyingi mwezi mzima, na garanti mpya. Siku hizi kuna sheria ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inayosema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Wengi hawaijui, na wanaoijua hawathubutu kuitaja mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu nyuma yao kuna wengine watatu wanaosubiri na miezi sita mkononi.

Lakini si hayo yaliyowafanya wanunue. Ni matanga. Mwaka 2009 mama mzazi wa mke wa mwalimu alifariki, na mwenye nyumba wa wakati ule akakataa turubai lisifungwe kwenye kiwanja. Alisema watu wa matanga wataharibu choo. Ikabidi wageni waliotoka Masisi na Rutshuru wakalazwe Majengo kwa mjomba, na yeye, mtoto wa marehemu, akawa mgeni kwenye matanga ya mama yake. Usiku wa tatu alimwambia mume wake kwamba hatalia tena kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Mwalimu hakuwa na la kujibu.

Walijiunga na likelemba mbili. Mama alipunguza mtaji wake wa vitenge kwenye soko la Virunga, mwalimu akafundisha mchana watoto wa matajiri nyumbani kwao. Mwaka 2011 wakapata parseli ya Buhene kwa dola 1.800.

Hapo ndipo inapofaa kusema jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wamechelewa. Nchini Congo, tangu sheria ya mwaka 1973, udongo ni wa Serikali peke yake. Raia hanunui udongo. Anapata haki ya kuukalia, na haki hiyo, kwa Mkongomani, inaweza kuwa ya siku zote. Lakini inasimama kisheria kwa karatasi moja tu, ile inayoitwa sertifika ya kuandikishwa. Ukiipata, na miaka miwili ikapita bila mtu kuipinga, hakuna tena wa kukuondolea haki hiyo, labda kukulipa fidia. Kabla ya hapo una kiwanja cha kusemea tu. Mwalimu alikuwa na karatasi ya mauzo yenye vidole vya mashahidi wanne, na karatasi nyingine ya kiongozi wa mtaa. Alianza safari ya kutafuta sertifika: mpimaji, mchoro, muhuri, rudi kesho, mkubwa amesafiri. Baada ya kulipa karibu dola 300 alisimama, kwa sababu mabati yalikuwa yanasubiri. Tena Buhene iko pembezoni, mahali ambapo watu bado wanabishana mji unaishia wapi na eneo la Nyiragongo linaanzia wapi. Kuna mwaka alifikiwa na wadai kodi wa pande mbili, kila mmoja na kitabu chake cha risiti. Lokateri hajui mambo hayo. Anayadharau hata kuyauliza.

Kujenga kulichukua miaka mitatu. Mwalimu bado ana daftari la hesabu, na ukurasa anaopenda kuuonyesha ni ule wa choo. Goma imekaa juu ya jiwe. Vijana wawili walipiga nyundo kwa majuma matatu ili kupata shimo la choo peke yake, na ilimgharimu dola 180, zaidi ya mlango, madirisha mawili na kitasa vikiwekwa pamoja. Maji hayakuwepo: bidoni zilikuja na chukudu, na bei ilipanda kila jua lilipokuwa kali. Mwaka 2014 walihamia, nyumba ikiwa ya mawe hadi kiuno na mbao hadi juu, vyumba vinne, mabati 38. Jumla, parseli na yote, dola 6.900 na kitu.

Mke wake akiongea juu ya miaka saba iliyofuata, uso unabadilika. Hakuna aliyemhesabia bidoni. Alipika saa aliyotaka. Mdogo wake aliolewa kutokea kwenye kiwanja hicho, turubai mbili, na watu walicheza hadi asubuhi. Watoto wawili wa mwisho walijifunza kutembea kwenye udongo ambao baba yao alikuwa ameuleta kwa kilo kutoka mbali ili afunike jiwe. Ukimsikiliza yeye, umaskini ulikuwepo lakini ulikuwa wa ndani, hakuna aliyeuona kupitia dirishani.

Mwalimu hakatai. Ila yeye anakumbuka pia mambo ambayo hayakuwa na turubai. Alipokuwa lokateri alikaa dakika tano kutoka shuleni. Kutoka Buhene alipanda pikipiki mara mbili kwa siku, au alitembea, na mwezi wa mshahara uliochelewa alitembea mwezi mzima. Mwaka 2017 aliitiwa nafasi ya ukurugenzi wa shule huko Butembo. Mshahara ungepanda, na nyumba ya shule ilikuwepo. Alikataa. Angemwachia nani nyumba? Ukiweka mtu, baada ya miaka miwili anakuonyesha karatasi kwamba ni yake. Ukiifunga, mabati yanaondoka usiku moja moja. Mwaka 2019 upepo ulibeba upande mmoja wa paa, na feza iliyorudisha paa ilikuwa ni ya masomo ya binti mkubwa, yule aliyekuwa tumboni mwaka 2002. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima. Alirudi darasani baadaye na wadogo wa marafiki zake. Hajawahi kulalamika mbele ya baba yake, na mwalimu angependelea kama angelalamika.

Halafu ikaja siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Magaribi ilikuwa inaingia. Mbingu upande wa Nyiragongo iligeuka nyekundu, na watu wa Buhene walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu moto ulikuwa unashuka kwao.

Jirani yao wa kushoto alikuwa lokateri, fundi wa simu na mke na watoto wawili. Fundi alitazama juu mara moja, akaingia ndani, akatoka na godoro kichwani na mfuko wa vifaa vyake, akafunga mlango kwa kufuli, halafu akacheka mwenyewe kwa kufunga, akaacha ufunguo kwenye kufuli na kwenda. Haikuchukua dakika kumi na tano.

Mwalimu aliwaambia mke na watoto watangulie kuelekea mjini na barabara ya Sake. Yeye angewafuata. Akapanda juu ya paa.

Alikuwa na mabati 38 juu ya kichwa cha maisha yake na hakuweza kuyaacha. Aling'oa kumi na moja kwa msaada wa kijana mmoja wa jirani, kisha kijana akakimbia. Lava haikuja haraka. Ilikuja kama ukuta unaotembea, na sauti yake ilikuwa kama vioo vinavyovunjwa ndani ya gunia. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake: ilimpa mtu nafasi ya kusema bado kidogo. Alishuka, akang'oa mlango wa mbele, ule wa mbao ya libuyu aliougharimu zaidi. Simu yake ilikuwa inalia ndani ya mfuko, mara moja, mara mbili, halafu mtandao ukakatika. Alipotoka na mlango kichwani, joto lilikuwa limekwisha kukausha jasho la shati. Mabati kumi na moja aliyaacha, mikono ilikuwa miwili tu.

Mke wake alikesha kwenye barabara ya Sake na watoto watano bila kujua kama ni mjane. Walionana siku ya Mungu, saa nne asubuhi. Yeye alipouona ule mlango, hakusema kitu. Hadi leo hawajazungumza juu ya saa zile. Watu zaidi ya thelathini walipoteza maisha kwa sababu ya mlipuko ule, na maelfu ya nyumba zilikwisha. Lava ilisimama hapo hapo kwenye vitongoji, haikufika uwanja wa ndege kama ilivyofanya mwaka 2002. Kwa mji ilikuwa bahati. Kwa Buhene, bahati hiyo ilikuwa ya wengine.

Tarehe 27 mwezi ule ule, matetemeko yakiwa hayajatulia, wakuu waliamuru kata 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Familia ilikuwa tayari njiani, haikuwa na cha kuondoa. Waliporudi walitafuta nyumba ya kupanga, na baada ya kuzunguka kwa ndugu miezi miwili walifika Katoyi, kwa mama mjane. Ule mlango ulikuja nao. Ni mpana kuliko mlango wa nyumba wanayopanga, kwa hiyo umeegemezwa nyuma, ukutani, na kuku wanalala chini yake.

Mwisho wa mwaka 2022, vita vilipowasukuma watu wa Rutshuru hadi Kanyaruchinya, vibanda vya wakimbizi wa ndani vilisambaa juu ya lava. Mwalimu alikwenda kuangalia parseli yake. Alikuta mwanamke anapika maharagwe juu ya mafiga matatu, karibu kabisa na mahali ambapo chumba chao cha kulala kilikuwa, kadiri alivyoweza kukisia. Alimsalimia, mwanamke akamkaribisha akae. Hakusema kwamba kiwanja ni chake. Angesema ili iweje? Aliporudi alimwambia mke wake kwamba hakuona kitu.

Kinachomsumbua sasa, lakini, si lava. Ni yale anayoyaona kila siku kwenye nyumba ya mbele.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, siku zile M23 walipoingia Goma na risasi zikawa zinapita juu ya Katoyi, mwalimu aliiweka familia yake chini ya meza na godoro, na siku iliyofuata wakahamia kwa shemeji mwenye nyumba ya matofali. Alimwomba mama mjane aje nao. Mama alikataa. "Mwalimu, miye nikitoka hapa, nitarudi nikute nani kwenye kitanda changu?" Alibaki peke yake siku tatu, na mfuko wa unga na bidoni moja. Mwalimu alitambua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, juu ya paa la Buhene.

Waliporudi, mabati ya nyumba zote mbili yalikuwa yametobolewa. Mwalimu aliweka mabeseni chini ya matundu. Mama ndiye aliyenunua mabati, saba, kwa mkopo. Tangu hapo hesabu zake zimekuwa ngumu. Mabenki yalipofungwa, mishahara ya wapangaji wake ilichelewa au ikapotea njiani. Mwalimu mwenyewe alifikisha miezi mitatu ya deni. Lokateri wa chumba cha pembeni aliondoka usiku na deni la miezi mitano, akachukua hata balbu. Wakati huo huo kodi ya nyumba inadaiwa, na ndugu za marehemu mume wake wanakuja kila juma kuomba, kwa sababu mwanamke mwenye parseli mjini, kwa macho yao, hawezi kukosa. Mwezi wa nne aliugua presha. Alikuwa amekaa kwenye nyumba yenye bei ya dola elfu kadhaa, na hakuwa na dola 15 za dawa. Ukuta haukatwi kipande ukapelekwa kwenye duka la dawa. Wapangaji walichanga, mwalimu alitoa dola 5 kati ya alizokuwa anadaiwa na yeye huyo huyo.

Kwa hiyo mdogo wake anapopiga simu, mwalimu anaona hayo yote kwa pamoja. Hasemi kupanga ni kuzuri. Anasema tu kwamba kwenye mji huu, ambako jiwe linatembea na vita vinarudi, anataka kuwa na vitu vinavyoweza kubebwa: masomo ya watoto, mtaji wa vitenge, godoro. Alimwomba mdogo wake amruhusu atumie zile dola 3.500 kumalizia chuo cha binti mkubwa, aliyebakiza miaka miwili, na zilizobaki ziingie sokoni.

"Yaya," mdogo alijibu, "feza ya nyumba ni ya nyumba."

Na hapo ana haki kwa upande wake, kama desturi ilivyo. Ndugu anachanga kwa ukuta kwa sababu ukuta unaonekana. Akija likizo ataupiga picha. Diploma ya mpwa wake ataipiga picha gani?

Mke wa mwalimu ndiye mpinzani wake mkubwa, na hoja zake si za machozi. Ni mfanyabiashara, anajua hesabu kuliko yeye. Jioni moja alichukua daftari la mume wake, lile la ujenzi, akageuza ukurasa wa mwisho na kuandika: dola 40 mara miezi 12, dola 480. Mara miaka 10, dola 4.800. "Papa wa watoto," alimwambia, "miaka kumi ikipita, nyumba ya Buhene hata ikiungua tena, tutakuwa tumekaa ndani yake. Hapa tutabaki na vikaratasi." Mwalimu alijibu kwamba ile ya kwanza ilimeza 6.900 na kuacha mlango. Mama akasema angalau mlango ni wake. Halafu akauliza swali ambalo mwalimu halalali vizuri tangu alisikie: yeye akifa kesho, turubai litafungwa wapi?

Wiki iliyofuata alikwenda Buhene peke yake. Vibanda vya wakimbizi vilikwisha kuondolewa. Vijana walikuwa wanavunja lava kwa nyundo na kuuza kokoto. Alizungumza nao juu ya bei ya kusawazisha kona moja tu, na ya shimo la choo. Akarudi na bei hizo kichwani, hakuzitaja hadi siku tatu baadaye.

Mwanzo wa mwezi wa tisa 2025, mwalimu alivuka kiwanja kama kawaida. Alikuwa na dola 40 na nyingine 20 za kupunguza deni. Mama mjane alihesabu, akaandika, akachana kikaratasi. Kisha hakumpa. Alikishika mkononi na kumwambia akae kidogo.

Anataka kuuza. Binti yake yuko Bukavu, anamwambia aje apange vyumba viwili karibu naye, ale vizuri, apate dawa zake kwa wakati. Nyumba imemchosha. Ameshamwambia komisionere mmoja, lakini nani ananunua sasa, mabenki yamefungwa? Wawili waliokuja walitaja bei ya kutukana. Mwalimu anajua watu wengi, wazazi wa wanafunzi; labda atamsaidia kutafuta mnunuzi mwaminifu. "Ila nikuambie ukweli, Mwalimu. Yeyote atakayekuja atataka parseli yote. Hatataka lokateri."

Mwalimu aliuliza ni lini. Mama alisema hajui, labda mwezi wa kumi na mbili, labda mwaka kesho, Mungu akipenda. Akampa risiti.

Alirudi nyuma. Mke wake alikuwa anafunga vitenge vya kupeleka Virunga, vipande kumi na viwili, kamba mdomoni. Alimwuliza kama mama amesaini. Mwalimu alisema amesaini, akaingia ndani kuweka kikaratasi kwenye sanduku la bati pamoja na vingine.